Mafao yanapunguzwa na ofisi za ushauri zinafungwa: sisi tunaowasomea watu barua tufanyeje?

Msomaji wa Barua (Leicester)

Assalaam aleikum, na salamu kwa ndugu wote wa jukwaa hili.

Ninajitolea katika jumuiya yetu ndogo ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Leicester, Uingereza, wengi wao wakiwa ni watu wa Mombasa, Zanzibar, Barawa ya Somalia na Kongo ya mashariki, na kazi yangu kubwa ni kuwasomea wazee na akina mama barua zinazotoka halmashauri ya jiji na idara ya mafao. Mwanzoni ilikuwa kazi ya tafsiri tu: mtu huja na bahasha yake, nikamweleza kilichoandikwa, akaenda zake akijua la kufanya. Sasa imegeuka kuwa kazi nyingine kabisa. Watu huja kwa sababu wamekatiwa malipo, au wamekataliwa fao la ulemavu, au wanadaiwa kodi ya halmashauri ambayo zamani hawakuwa wakiilipa. Na nikiwaelekeza kwenye ofisi ya ushauri hurudi wakaniambia kwamba simu haikupokelewa, au miadi iliyo karibu ni ya baada ya siku ambayo rufaa yao itakuwa imepitwa na wakati.

Katika kikao chetu, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba tatizo ni watu wetu wenyewe, kwamba wameitegemea benefiti kupita kiasi, na kwamba serikali imekata kwa sababu haina fedha. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa nilihamia nchi hii baada ya mabadiliko mengi kupita, na ninayaona matokeo bila kuijua historia yake.

Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie kuelewa mambo mawili. Je, kupungua kwa mafao na kupungua kwa washauri ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya, au yametoka katika uamuzi mmoja? Na jumuiya ndogo kama yetu, isiyo na mwanasheria wala bajeti, inaweza kufanya nini bila kuwadhuru watu inaotaka kuwasaidia? Nauliza hili la pili kwa uzito, kwa sababu naona tunasukumwa kufanya kazi ambayo hatukusomea, na kosa letu linaweza kumgharimu mama wa watu kodi ya nyumba.

Mshauri Mstaafu (Birmingham)

Waaleikum salaam, dada. Nilifanya kazi ya ushauri wa mafao na madeni tangu kabla ya 2010, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu kidogo, maana swali lako la kwanza ndilo ambalo hata Waingereza wengi hawalioni vizuri.

Serikali ya mseto ya Waziri Mkuu David Cameron iliingia madarakani Mei 2010, wakati nakisi ya bajeti ilikuwa karibu asilimia 10 ya pato la taifa baada ya msukosuko wa mabenki. Waziri wa Fedha, George Osborne, aliamua kwamba sehemu kubwa ya nakisi hiyo izibwe kwa kupunguza matumizi ya serikali, na sehemu ndogo tu izibwe kwa kodi. Mzee wenu hakukosea kusema kwamba fedha zilikuwa pungufu. Lakini nani abebe upungufu huo lilikuwa jambo la kuchagua, na waliochaguliwa zaidi ni watu wa umri wa kufanya kazi wenye kipato kidogo, pamoja na halmashauri zinazowahudumia. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilionyesha kwamba fedha ambazo serikali kuu inazipa halmashauri za England zilikuwa zimepungua kwa asilimia 49.1, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kati ya mwaka wa fedha wa 2010-11 na ule wa 2017-18.

Mwezi wa kuukumbuka ni Aprili 2013. Mwezi huo walianza kukatwa wapangaji wa nyumba za umma waliohesabiwa kuwa na chumba cha ziada: asilimia 14 ya msaada wa kodi ya nyumba kwa chumba kimoja, na asilimia 25 kwa vyumba viwili au zaidi. Mwezi huo fao la taifa la kodi ya halmashauri lilifutwa, na kila halmashauri ya England ikaachiwa itunge mpango wake kwa fedha pungufu, na ndiyo sababu watu wako wa umri wa kufanya kazi wanapata bili ambayo zamani hawakuiona. Mikopo na misaada ya dharura iliyokuwa ikitolewa na serikali kuu ilifutwa. Kikomo cha jumla ya mafao kilianza katika maeneo ya kwanza ya London. PIP, fao jipya la ulemavu, ilianza kuchukua nafasi ya lile la zamani. Na Universal Credit, fao moja la kila mwezi linalochukua nafasi ya mafao kadhaa ya zamani, ilianza kujaribiwa katika mji wa Ashton-under-Lyne. Kwa miaka mitatu kuanzia hapo mafao mengi yaliongezwa kwa asilimia 1 tu kwa mwaka, kisha kutoka 2016 hadi 2020 hayakuongezwa kabisa, huku bei za vitu zikipanda.

Sasa ndipo tunafika kwenye swali lako. Tarehe 1 ya mwezi huohuo wa Aprili 2013 ilianza kutumika sheria iliyopunguza msaada wa kisheria unaolipiwa na serikali katika England na Wales. Mashauri karibu yote ya mafao yaliondolewa, pamoja na ya ajira kwa sehemu kubwa, ya madeni isipokuwa pale nyumba inapokuwa hatarini, na ya uhamiaji isipokuwa ya hifadhi na mengine machache. Kabla ya hapo, mashauri ya mafao yaliyolipiwa na msaada huo yalikuwa zaidi ya 80,000 kwa mwaka. Baada ya hapo yalibaki mamia tu. Kwa hiyo, katika mwezi ambao sheria za mafao zilibadilika kuliko wakati wowote wa maisha yangu ya kazi, fedha za kumlipa mtu anayezijua sheria hizo ziliondolewa pia. Halikuwa jambo la bahati mbaya, kwa maana serikali ileile, katika kikao kilekile cha Bunge, ilipitisha sheria zote mbili katika mwaka 2012.

Ieleweke pia jinsi ofisi hizi zinavyoishi. Citizens Advice, ambayo ilianza Septemba 1939 vita vilipotangazwa, si idara ya serikali wala si ofisi moja. Ni mtandao wa mashirika ya hisani yanayojitegemea, na kila moja hutafuta fedha zake, kwa kawaida sehemu kubwa ikitoka halmashauri ya eneo lake. Vituo vya sheria, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa North Kensington mwaka 1970, vilitegemea ruzuku za halmashauri na mikataba ya msaada wa kisheria. Halmashauri ilipopunguziwa fedha ilipunguza ruzuku, na mikataba ya msaada wa kisheria ikaondoka wakati huohuo. Vituo kadhaa vilifungwa, na vilivyobaki viliwaachisha kazi wataalamu wao. Waliobaki mara nyingi ni watu wa kujitolea wenye moyo mkubwa, ambao wanaweza kumweleza mtu utaratibu na kumpa namba ya simu, lakini hawana muda wala mafunzo ya kuandaa rufaa, kukusanya barua za daktari na kwenda kusimama na mtu mbele ya baraza la rufaa. Kuelekezwa na kutetewa ni vitu viwili tofauti, na kilichopotea zaidi katika miaka hii ni kutetewa.

Madhara yake yanaonekana wazi katika PIP. Mtu akikataliwa, sheria inamtaka kwanza aiombe idara yenyewe iangalie upya uamuzi wake, ndani ya mwezi mmoja. Akikataliwa tena ndipo anaweza kukata rufaa kwenye baraza huru, na kwa hilo pia ana mwezi mmoja. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa barazani zimekuwa zikimpa ushindi mwombaji. Jambo linaloniuma ni wale wasiofika huko, ambao wanapokea barua ya kwanza ya kukataliwa, wanaamini kwamba serikali imesema neno la mwisho, na wanaiweka barua kabatini.

Hata kwa hesabu ya fedha peke yake uamuzi ule haukuwa na busara. Mwaka 2010, kabla sheria haijapitishwa, Citizens Advice ilikadiria kwamba kila pauni moja ya msaada wa kisheria katika ushauri wa mafao iliiokolea serikali pauni 8.80, na katika ushauri wa makazi pauni 2.34, kwa sababu tatizo lililotatuliwa mapema halifiki mahakamani, hospitalini wala kwenye idara ya wasio na makazi. Leo familia zinazoishi katika makazi ya muda yanayolipiwa na halmashauri za England zimepita 120,000, kutoka karibu 50,000 mwaka 2010. Zipo sababu nyingine, ikiwemo uhaba wa nyumba na kodi kubwa za wenye nyumba, lakini msaada wa kodi ya nyumba uliokuwa ukizuiwa usipande mwaka baada ya mwaka ni sababu mojawapo, na halmashauri zilezile zilizopunguziwa fedha ndizo zinazolipa bili hiyo.

Mlipakodi (Reading)

Ninaheshimu uzoefu wa mshauri, ila naomba upande wa pili nao usikilizwe, kwa kuwa mzee aliyetajwa hayuko peke yake katika mawazo yake.

Nchi iliyokopa asilimia 10 ya pato lake kwa mwaka mmoja haikuweza kuendelea hivyo. Mimi na mke wangu tulifika hapa, tukafanya kazi za usiku, hatukuomba kitu, na tuliwajua watu waliokuwa wakipokea mafao makubwa kuliko mishahara yetu miwili. Kikomo cha pauni 26,000 kwa mwaka kilipowekwa kwa familia, wafanyakazi wengi waliona ni haki. Idadi ya watu walio kazini iliongezeka sana baada ya 2012. Ninaamini kazi ni heshima ya mtu, na kwamba ofisi ya ushauri inayomfundisha mtu namna ya kudai zaidi haimsaidii kama ile inayomwonyesha mlango wa ajira.

Msafishaji wa Alfajiri (London)

Kaka Mlipakodi, mimi ninafanya kazi. Naamka saa kumi za usiku, ninasafisha maofisi ya katikati ya jiji kabla wenyewe hawajafika, nikirudi nyumbani watoto wanakuwa wako tayari kwenda shule. Bado ninapokea Universal Credit, kwa sababu mshahara wa kazi hiyo haulipi kodi ya nyumba ya London. Kuna watu wengi wa namna yangu: watoto wengi wanaohesabiwa kuwa katika umaskini hapa Uingereza wanaishi katika nyumba ambayo angalau mtu mmoja ana kazi. Kwa hiyo mafao yakikatwa, wanaokatiwa ni pamoja na sisi tunaoamka alfajiri.

Nitaeleza yaliyonipata ili dada aliyeuliza aone ni maswali gani atakutana nayo. Nilipoomba kwa mara ya kwanza nilitakiwa kusubiri wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Unaweza kupewa malipo ya awali, lakini hayo ni mkopo, na hukatwa kila mwezi katika fedha zako zinazofuata, kwa hiyo unaanza maisha mapya ukiwa na deni. Katika wiki hizo tano nilichelewesha kodi ya nyumba, na deni hilo la kodi lilinifuata muda mrefu. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipokwenda benki ya chakula. Huko huingii tu: mara nyingi unahitaji hati ya kuelekezwa huko kutoka kwa daktari, shule, au ofisi ya ushauri, na ofisi ya ushauri ya kwetu ilikuwa imejaa, ikabidi nimweleze mwalimu wa mwanangu aibu yangu yote ili anipatie hati. Mtandao wa benki za chakula wa Trussell peke yake ulitoa vifurushi vya chakula karibu 61,000 katika mwaka wa 2010-11, na zaidi ya milioni 3 katika mwaka wa 2023-24. Ongezeko la namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa uvivu wa watu.

Jambo la pili ni la hesabu, na hapa ndipo ushauri uliponiokoa. Mwajiri wangu hulipa kila baada ya wiki nne, ilhali Universal Credit inahesabu mwezi kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwaka upo mwezi mmoja ambao mishahara miwili inaangukia ndani ya kipindi kimoja, mfumo unaona nimetajirika, na malipo yanashuka au yanafutwa. Nilidhani nimeadhibiwa kwa kosa fulani. Mshauri mmoja wa kituo cha sheria ndiye aliyekaa nami, akanionyesha kalenda, akanifundisha kuutambua mwezi huo mapema na kuweka akiba. Aliniambia pia kwamba mwaka 2020 akina mama wanne walishinda Mahakama ya Rufani kuhusu tatizo linalofanana na langu, lakini hukumu ile iliwahusu wanaolipwa kwa mwezi ambao tarehe ya mshahara husogea, si sisi wa wiki nne. Bila mtu wa kukueleza tofauti hiyo, ungejuaje?

Mwanangu wa tatu alizaliwa baada ya Aprili 2017, kwa hiyo hakuhesabiwa. Kikomo cha watoto wawili kilimnyima mtoto huyo karibu pauni 3,500 kwa mwaka. Nilikuwa nikimtumia mama yangu fedha Tanga kila mwezi, na nilipunguza mpaka nikaacha. Yeye naye akapunguza dawa. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kikomo hicho kitaondolewa kuanzia Aprili 2026, na nilipoisikia habari hiyo nililia, si kwa furaha peke yake, bali kwa miaka ambayo mtoto ameikosa na haitarudishwa.

Mshauri Mstaafu (Birmingham)

Mama, Mungu akulipe kwa kueleza. Niongeze mambo machache kwa Kaka Mlipakodi, kwa heshima.

Ni kweli ajira ziliongezeka. Ni kweli pia kwamba umaskini wa watoto uliongezeka katika miaka hiyohiyo, hadi kufikia watoto wapatao milioni 4.3 katika mwaka wa 2022-23 kwa kipimo kinachoondoa gharama za makazi, na mambo haya mawili yanawezekana pamoja pale mshahara unapokuwa mdogo na kodi ya nyumba kubwa. Kuhusu kikomo cha pauni 26,000, hakikubaki hapo: Novemba 2016 kilishushwa hadi pauni 23,000 London na 20,000 kwingineko, na hakikuinuliwa tena hadi 2023. Ikumbukwe pia kwamba sehemu kubwa ya mafao hayo makubwa uliyoyaona haikubaki mikononi mwa familia, bali ilikwenda kwa mwenye nyumba.

Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alitembelea Uingereza Novemba 2018 na kueleza kwamba watu milioni 14, yaani mmoja katika kila watano, walikuwa katika umaskini. Ripoti yake haikuishia kwenye mafao tu. Ilizungumzia pia maktaba zilizofungwa, vituo vya watoto, usafiri wa mabasi na msaada wa kisheria, na ikaonyesha kwamba mashauri ya kiraia yaliyolipiwa na msaada huo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010-11. Maktaba ninazitaja kwa makusudi. Universal Credit huombwa kwa intaneti, na mzee asiye na kompyuta alikuwa akienda maktaba ya mtaa wake kusaidiwa kuifungua akaunti. Mlango huo nao ulifungwa katika mitaa mingi wakati ambapo ulihitajika zaidi.

Na juu ya ushauri unaomwonyesha mtu mlango wa ajira: mwaka 2013 serikali iliweka ada za kufungua na kusikilizwa shauri kwenye mabaraza ya kazi, ambazo kwa jumla zilifika pauni 1,200, na wafanyakazi walionyimwa mishahara wakaacha kudai. Mahakama ya Juu ilizifuta ada hizo Julai 2017 kwa kuwa zilimzuia mtu kuifikia haki. Mfanyakazi naye anahitaji mshauri, kaka yangu.

Mlipakodi (Reading)

Hili la ada sikulijua, na la mama wa wiki nne limenigusa. Bado naamini lazima pawe na mpaka katika kutoa, lakini nakubali kwamba mtu kunyimwa alichopewa na sheria kwa sababu tu hana wa kumwonyesha njia ni dhuluma.

Mkaazi wa Glasgow

Salamu kutoka Uskoti. Ninaandika kwa sababu hapa kwetu mambo machache yalikwenda kwa njia nyingine, na inafaa wasomaji wajue kwamba haikuwa lazima yawe yalivyo England.

Serikali ya Uskoti hulipa kutoka mfuko wake fedha zinazofidia makato ya chumba cha ziada, kwa hiyo mpangaji hapa, akiomba, hurudishiwa alichokatwa. Msamaha wa kodi ya halmashauri kwa wasio na uwezo ulihifadhiwa. Mwaka 2021 yalianza malipo ya watoto ya Uskoti, kwanza pauni 10 kwa wiki kwa kila mtoto mdogo wa familia inayostahili, na Novemba 2022 yakapandishwa hadi pauni 25 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 16, bila kujali ni wa ngapi kuzaliwa. Sheria ile iliyokata msaada wa kisheria England na Wales haikufika huku. Kiwango cha umaskini wa watoto Uskoti kiko chini kuliko cha England, ingawa bado ni cha kusikitisha, na mitaa ya mashariki ya Glasgow inajua njaa.

Kitu ninachotamani kingeigwa ni washauri wa mafao wanaokaa ndani ya zahanati. Mtu anamwendea daktari kwa sababu hapati usingizi usiku, daktari anagundua kwamba anachokosa ni kodi ya nyumba, anampeleka chumba cha pili ambako yuko mshauri anayeweza, kwa ruhusa yake, kuona kumbukumbu za ugonjwa wake na kuziandikia hoja nzuri. Wazee wetu wanaoona aibu kuingia ofisi ya benefiti hawaoni aibu kuingia kwa daktari. Dada wa Leicester, muulizeni daktari wenu kama kuna mpango wa namna hiyo au kama anaweza kukubali mshauri aje siku moja kwa wiki.

Msomaji wa Barua (Leicester)

Nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Jambo moja limebaki linanitia hofu. Baadhi ya wanaokuja kwangu wana viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma. Mama mmoja aliniomba nimjazie fomu ya Universal Credit na nikasita. Je, nilifanya sawa?

Mshauri Mstaafu (Birmingham)

Ulifanya sawa kabisa, na hapa ndipo jumuiya ndogo zinapoweza kumdhuru mtu kwa nia njema. Mwenye sharti hilo akiomba Universal Credit, PIP, fao la watoto au punguzo la kodi ya halmashauri, anavunja masharti ya viza yake, na hilo linaweza kumharibia maombi ya baadaye. Lakini watu wengi wanatishika kupita kiasi, wanaacha hata yale yasiyohesabiwa kuwa fedha za umma katika sharti hilo: shule ya watoto, matibabu ya huduma ya afya ya taifa (NHS), malipo ya ugonjwa kutoka kwa mwajiri, mafao yanayotokana na michango aliyolipa mwenyewe kazini, na chakula cha benki ya chakula. Familia yenye watoto iliyofikia ukingoni inaweza pia kusaidiwa na halmashauri chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989. Na wapo wanaoweza kuomba sharti lenyewe liondolewe wakithibitisha kwamba wamebaki bila kitu.

Maombi hayo ya mwisho usiyaguse wewe. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai kwa sheria ya 1999, hata kama hutozi senti. Mtafute mshauri aliyesajiliwa na chombo ambacho tangu Januari 2025 kinaitwa Immigration Advice Authority, au wakili. Kwa kuwa uhamiaji wa namna hii umetolewa kwenye msaada wa kisheria wa kawaida, mwombe huyo wakili aangalie kama mteja anastahili ufadhili wa kipekee, ambao bado upo na watu wachache wanaujua.

Kwa mambo mengine, kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mkiifanya kazi ya kusoma barua, isomeni tarehe kwanza kabla ya maneno mengine, muandike siku ya mwisho ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, na siku hiyo isipite hata kama miadi na mtaalamu haijapatikana, kwa maana ombi fupi la kusema kwamba hukubaliani na kwa sababu gani linatosha kuilinda haki, na ushahidi unaweza kufuata. Mwezi ukishapita msikate tamaa. Ombi la kuchelewa linaweza kukubaliwa hadi miezi 13 likiwa na sababu nzuri, na maradhi au kutoelewa lugha ni mambo ya kuelezwa. Mtu akipokea notisi ya kutolewa nyumbani, huko England na Wales tangu Agosti 2023 upo ushauri wa kisheria wa bure kwa anayekabiliwa na hatari ya kuipoteza nyumba, na hauulizi kipato. Unagusa pia madeni na mafao. Wapelekeni huko siku hiyohiyo.

Kisha, nendeni mkazungumze na ofisi ya ushauri iliyobaki karibu yenu. Msiende kulalamika kwamba haipokei simu, bali mkaombe siku maalumu kwa jumuiya yenu, ninyi mkiwa mmekwisha kuziandaa karatasi na kumtoa mkalimani. Ofisi zilizopungukiwa na watu hufurahi kupata mteja ambaye karatasi zake ziko katika mpangilio, kwa sababu saa moja ya mtaalamu hufanya kazi ya saa tatu.

Msomaji wa Barua (Leicester)

Tutafanya hivyo, na nitamwendea mzee wetu na maelezo haya yote. Swali dogo la mwisho: barazani mkalimani hutafutwa na nani? Wazee wetu wa Barawa wanaongea Chimwini, na Kiswahili cha Dar es Salaam kinawatatiza.

Mshauri Mstaafu (Birmingham)

Baraza lenyewe humleta, bila malipo. Fomu ya rufaa huuliza lugha na lahaja, kwa hiyo andika Chimwini waziwazi na usiandike Kiswahili peke yake, kisha piga simu kuhakikisha kwamba wameliona. Kwenye simu za idara ya mafao pia mkalimani huombwa mwanzoni mwa mazungumzo. Msikubali mtoto wa shule awe ndiye anayemtafsiria bibi yake maswali ya kuoga na kwenda chooni.